Filamu ya Bunilizi ya Kisayansi Nchi kwa Nchi: Mwongozo kwa Timu Ndogo Inayojitegemea

Maswali ya wanaoanza ni yale yale: ninunue kamera gani, nitapata wapi sayari nyingine bila pesa za studio, na nikifika uwanja wa ndege na mabegi ya vifaa nitaulizwa nini? Swali la kamera huja kwanza, nalo ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote. La uwanja wa ndege ndilo linaloweza kuizima filamu kabla ya shoti ya kwanza.

Hapa nazungumza na timu ya watu watatu hadi sita wanaotaka kupiga filamu ya bunilizi ya kisayansi katika nchi kadhaa, kwa fedha zao na za marafiki. Kama una watu thelathini na malori mawili, mahitaji yako ni mengine.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Wazo la hadithi linaloelezeka kwa sentensi mbili. Muswada kamili usiandike bado. Sababu iko hatua ya kwanza.
- Pasipoti za timu nzima zenye uhai wa angalau miezi sita baada ya tarehe ya kurudi, na kurasa tupu za kutosha.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ikiwa njia yenu inagusa nchi zinazokidai. Tangu mwaka 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote.
- Kamera mbili za aina moja, au zinazotumia lenzi na betri zilezile. Lenzi tatu zinatosha: pana, ya kawaida, na ndefu.
- Rekoda ya sauti, maikrofoni ya mti (ile inayoshikwa kwenye fimbo ndefu), na kinga ya manyoya ya upepo. Bila hiyo kinga, jangwani hutarekodi chochote.
- Diski mbili za kuhifadhia picha, na ya tatu itakayobebwa na mtu mwingine.
- Orodha ya kila kifaa, namba iliyochapwa juu yake, thamani yake na nchi kilikotengenezwa. Iandike leo, utaitumia mara nyingi kuliko muswada.
- Bima ya vifaa na bima ya madhara kwa watu wengine. Ofisi nyingi za vibali hazifungui faili bila hiyo ya pili.
- Akiba ya asilimia 10 ya bajeti, isiyoguswa mpaka kuwe na dharura ya kweli.

Hatua ya 1: Chagua mahali, kisha andika

Wengi huandika kwanza halafu wanahangaika kutafuta mahali panapofanana na walichoandika. Studio inaweza kufanya hivyo kwa sababu isipopapata itapajenga. Wewe geuza mpangilio: tafuta mahali ambapo tayari pana sura ya ajabu, kisha uandike hadithi inayopahitaji.

Dunia inayo ya kutosha. Salar de Uyuni kule Bolivia ni uwanda wa chumvi wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Mvua ikinyesha hugeuka kioo na upeo wa macho unapotea kabisa. Bonde la Danakil nchini Ethiopia, zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, lina madimbwi ya asidi ya rangi ya njano na kijani pale Dallol. Deadvlei nchini Namibia ina miti iliyokufa karne nyingi zilizopita, ingali imesimama juu ya udongo mweupe. Wadi Rum ya Yordani ina mchanga mwekundu na majabali ambayo hakuna mtazamaji atakayeuliza kama hiyo ni Mirihi.

Usiishie jangwani, maana jangwa limetumika mno. Miji nayo ni sayari. Mwongozaji Jean-Luc Godard alipotengeneza filamu ya Alphaville mwaka 1965 hakujenga mji wa wakati ujao; aliipiga Paris ya siku zake, usiku, akiegemea majengo mapya ya vioo na zege. Brasília, mji mkuu wa Brazili uliozinduliwa mwaka 1960 ukiwa na majengo ya msanifu Oscar Niemeyer, bado unaonekana kama umetua kutoka angani. Vituo vya treni za chini ya ardhi, mabwawa ya umeme, mashamba ya paneli za jua na maghala ya bandari huwa na sura hiyohiyo, na mara nyingi kibali chake ni rahisi kuliko cha hifadhi ya taifa.

Kwa kila mahali jiulize mambo mawili. Mtazamaji ataamini nini hapa bila kuelezwa? Na ni tukio gani linaweza kutokea hapa tu? Kama jibu la swali la pili ni "wahusika wanatembea wakitazama mbali", pafute kwenye orodha. Filamu nyingi za aina hii hufa kwa kutembea na kutazama mbali.

Halafu tunga sheria ya ulimwengu wako itakayokupunguzia kazi. Mfano: hewa imeharibika, kila mtu huvaa barakoa au kofia iliyofungwa. Kwa sheria hiyo moja midomo haionekani, kwa hiyo mazungumzo yote yanaweza kurekodiwa upya nyumbani. Uso hauonekani, kwa hiyo mtu yeyote wa kimo kilekile anaweza kumwigiza mhusika katika nchi ambako hukuweza kumlipia mwigizaji wako tiketi. Sheria nzuri ya hadithi ni ile inayokata gharama bila mtazamaji kuhisi kwamba kuna gharama iliyokatwa.

Hatua ya 2: Tengeneza kitu kimoja cha kusafiri nacho

Kinachounganisha nchi tano kuwa ulimwengu mmoja ni vazi au chombo kinachoonekana katika kila sehemu. Weka fedha na muda wako hapo: vazi moja la mwanaanga lililotengenezwa vizuri litakufaa kuliko vyombo kumi vya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha.

Litengeneze livunjike vipande na liingie kwenye begi la kilo 23, kiwango ambacho mashirika mengi ya ndege hukitumia. Tengeneza nakala mbili za sehemu zinazochakaa, hasa glavu na mikanda. Kila siku upigaji ukiisha, lipige picha mbele, nyuma na pembeni. Vumbi na mikwaruzo lazima ifuate mtiririko wa hadithi, wala si mtiririko wa safari.

Kioo cha kofia kitakusumbua. Kinaonyesha kamera, timu na miti yote iliyo nyuma yenu, na mwigizaji akipumua kinaingia ukungu. Kifanye kitoke. Shoti za karibu zipige bila kioo, kisha uongeze mng'ao wake kwenye kompyuta; shoti za mbali kiweke.

Onyo: usitengeneze kitu chenye nyaya wazi, saa ya kuhesabu na mirija iliyofungwa pamoja, halafu ukipeleke uwanja wa ndege. Silaha za bandia pia, hata za povu, zisiingie kwenye begi la mkononi. Kila chombo cha maigizo kibandike karatasi inayosema ni cha filamu, ambatisha picha yake kikiwa kimevaliwa, na ukipakie kikiwa kimefunguliwa. Mabomu ya moshi hayapandi ndege kwa namna yoyote. Moshi utafutwe hukohuko.

Hatua ya 3: Panga safari kwa jua na majira

Tiketi ya bei nafuu huwa na sababu yake, na mara nyingi sababu ni hali ya hewa. Kioo cha Uyuni kinapatikana msimu wa mvua, hasa Januari hadi Machi, lakini maji hayohayo hufunga baadhi ya njia. Uwanda uko kwenye kimo cha takriban mita 3,650, kwa hiyo siku mbili za kwanza usipange kazi nzito. Mtu aliyetoka usawa wa bahari atabeba tripodi hatua hamsini na kukaa chini. Chumvi nayo inakula chuma. Miguu ya tripodi ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi jioni ileile.

Iceland mwezi Juni haina giza la kweli, na Desemba mjini Reykjavik mwanga wa mchana ni saa nne hivi. Kama hadithi yako ina usiku, usiende Juni. Danakil nenda miezi ya Novemba hadi Februari, nje ya hapo joto litamwangusha mtu kabla halijaiangusha kamera.

Kuna jambo moja ambalo ratiba za wanaoanza huwa hazina: mwelekeo na kimo cha jua. Ukitaka shoti ya Iceland na shoti ya Namibia ziungane kuwa bonde moja, vivuli lazima vikubaliane. Kusini ya mbali jua la saa sita mchana hukaa upande wa kaskazini, na kaskazini ya mbali ni kinyume chake. Pima kwa mwili wa mtu: kivuli kikilingana na kimo chake, jua liko nyuzi 45. Andika kipimo hicho na upande jua lilipo kwa kila shoti, kisha katika nchi ya pili usubiri saa itakayotoa kivuli hichohicho. Jua la Reykjavik mwezi Desemba halipandi zaidi ya nyuzi chache, kwa hiyo mwenzake Namibia ni dakika za mwanzo baada ya kuchomoza au za mwisho kabla ya kutua, basi.

Hesabu pia siku za kukaa. Kwa wageni wengi eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, linaruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180, na nchi zote za eneo hilo zinahesabiwa kama moja.

Hatua ya 4: Viza, forodha na vibali

Viza ya utalii katika nchi nyingi hairuhusu kupiga filamu ya kuuzwa. Uliza ubalozi kwa maandishi, uyahifadhi majibu. Mtu wa forodha akiona kamera mbili na maikrofoni ya mti, hadithi ya "tuko likizo" haimwingii.

Vifaa visafiri kwa hati iitwayo ATA Carnet pale inapokubalika. Hutolewa na chama cha wafanyabiashara cha nchi yako, hudumu hadi mwaka mmoja, na hukuruhusu kuingiza vifaa kwa muda bila kulipa ushuru, kwa kuweka dhamana. Kosa la kawaida ni kusahau mihuri: hati igongwe ukitoka kwenu, ukiingia kwao, ukitoka kwao na ukirudi kwenu. Muhuri mmoja ukikosekana unaweza kudaiwa ushuru wa kitu ambacho umekirudisha nyumbani. Hati hii haihusu vitu vinavyotumika vikaisha, na si kila nchi iko kwenye mfumo huo. Angalia njia yako yote kabla ya kulipa.

Katika kila nchi tafuta mwenyeji wa kuratibu, ambaye wapigafilamu humwita fiksa. Mlipe vizuri. Yeye ndiye anayejua kwamba kibali cha mji hakifiki kwenye hifadhi, kwamba mlinzi wa zamu ya jioni hana habari na barua ya mchana, na kwamba mlima fulani una heshima yake kwa wenyeji. Nchi kadhaa zina ofisi ya serikali ya filamu, Namibia ikiwemo, anzia huko.

Droni ina sheria zake peke yake. Moroko huzuia droni forodhani kama huna kibali cha awali. Umoja wa Ulaya hutaka mwendeshaji ajisajili hata kwa droni ya chini ya gramu 250, ilimradi ina kamera. Ukiona muswada unaegemea droni katika kila nchi, ubadilishe.

Mengine yanawashangaza wageni. Kutoka nje ya barabara kwa gari Iceland ni kosa la kisheria, kwa hiyo shoti ya gari likikata tambarare ya majivu isahau. Mwanga wa usiku wa mnara wa Eiffel una haki miliki na unahitaji ruhusa kwa matumizi ya kibiashara. Mchana hakuna shida hiyo. Na kila mtu anayetambulika usoni asaini fomu ya ridhaa kwa lugha anayoisoma. Msambazaji atazidai fomu hizo baadaye, wakati humjui tena mtu huyo anaishi wapi.

Hatua ya 5: Pakia

Betri za lithiamu za akiba zinakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye begi la chini. Hadi wati-saa 100 kwa betri huwa hakuna tatizo. Kati ya 100 na 160 uliza ruhusa ya shirika, na kwa kawaida ni mbili tu kwa mtu. Kama betri imeandikwa volti na ampea-saa pekee, zidisha moja kwa nyingine. Funika ncha zake kwa tepu.

Maikrofoni zisizo na waya hutumia masafa yanayotofautiana kwa nchi. Marekani, kwa mfano, iliziondoa kwenye sehemu kubwa ya masafa ya megahezi 600 mwaka 2020. Za gigahezi 2.4 hukubalika karibu kila mahali, ingawa mjini huingiliwa na intaneti ya majirani.

Kamera, lenzi na kofia ya mwanaanga zibebwe mkononi. Nguo zikipotea utanunua nyingine.

Hatua ya 6: Kupiga

Mwongozaji Gareth Edwards alipotengeneza filamu ya Monsters, iliyotoka mwaka 2010, alisafiri na kikundi kidogo Meksiko na Amerika ya Kati akiwa na waigizaji wakuu wawili na wenyeji waliopatikana njiani, kisha madoido, yaani picha za vitu visivyokuwepo mbele ya kamera, akayafanya mwenyewe kwenye kompyuta. Njia hiyo inawezekana kama shoti zimepigwa kwa nidhamu. Kwa kila shoti itakayowekewa chombo cha angani, mnyama au mnara:

1. Weka kamera kwenye tripodi isitikisike, isipokuwa hadithi inalazimisha mwendo. Shoti tuli ni siku moja ya kazi ya kompyuta. Ya mkononi inaweza kula wiki.
2. Piga shoti tupu, bila waigizaji, kwa sekunde kumi. Huifikirii leo, utaililia baadaye.
3. Andika urefu wa lenzi, kimo cha kamera kutoka ardhini, na umbali hadi mahali kitu kitakaposimama. Pima kwa futi ya utepe, usikisie.
4. Shika mpira wa kijivu na mpira unaong'aa kama kioo mahali hapohapo na uipige picha. Itakuonyesha mwanga ulikotoka.
5. Kama kamera inatembea, hakikisha ardhini kuna vitu vyenye umbo kali: mawe, nyufa. Mchanga laini na maji haviipi programu ya madoido pa kushika mwendo wa kamera. Weka mawe yako.

Ndani ya majengo angalia taa. Umeme wa nchi nyingi ni hezi 50. Marekani na Brazili ni 60. Japani ina zote, mashariki 50 na magharibi 60. Kwenye hezi 50 weka shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) sekunde 1/50, kwenye hezi 60 weka 1/60, hata kama unapiga fremu 24 au 25 kwa sekunde.

Sauti: kabla ya kuondoka mahali popote, nyamazeni wote mrekodi dakika moja ya mahali penyewe. Upepo wa Deadvlei huwezi kuuiga kwa upepo wa kupakua.

Hatua ya 7: Nakala kila jioni

Nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja isilale chumba kimoja na nyingine. Tumia programu inayolinganisha nakala na asili yake. Kuburuta faili kwa kidole hakukwambii kama kuna iliyoharibika. Hesabu nafasi mapema: kamera ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, na ProRes 422 HQ ya 4K, muundo wa video wenye faili kubwa, hukaribia 320. Hakuna anayefuta kadi mpaka watu wawili wamefungua nakala na kuitazama.

Hatua ya 8: Kuunganisha

Blender, programu ya kutengenezea madoido, ni ya bure kabisa, na DaVinci Resolve, programu ya kuhariri na kusawazisha rangi, ina toleo la bure linaloishia ukubwa wa pikseli 3840 kwa 2160, ambao unatosha. Hariri filamu nzima kwanza kwa maumbo ya muda, hata kama chombo cha angani ni mraba wa kijivu. Ukianza na madoido utatengeneza kwa mwezi mzima shoti ambayo mhariri ataikata.

Rangi isawazishwe kwa kutumia anga na ngozi, sio mchanga. Mchanga wa sayari moja unaweza kubadilika kwa kila kilomita. Anga ikibadilika katikati ya mazungumzo, mtazamaji anashtuka.

Mambo yakikwama

*Picha ina mistari inayopanda au inapepesa.* Shata haikubaliani na umeme. Badili kama ilivyoelezwa hapo juu; ikishindikana, zima taa hizo utumie dirisha.

*Wapita njia wanatazama kamera.* Usiwafukuze. Sogea mbali utumie lenzi ndefu, au iweke kamera ya pili wazi mahali pengine waitazame hiyo.

*Forodha wamezuia begi.* Msemaji awe mmoja tu. Toa orodha ya vifaa, hati na barua ya kibali, mpigie fiksa, uombe karatasi inayoonyesha kilichozuiliwa. Wakati huo timu inapiga shoti zisizohitaji vitu hivyo, kwa hiyo ziwe zimeorodheshwa tangu nyumbani.

*Programu haishiki mwendo wa kamera.* Kwa kawaida shoti ina ukungu wa mwendo au urefu wa lenzi uliojaza si sahihi. Rudi kwenye daftari. Kama hukuandika, jaribu shoti tupu, na ikigoma tumia fremu moja tuli yenye mtikisiko uliouongeza mwenyewe.

*Mwigizaji ameugua mahali ambapo hamtarudi.* Mvalishe mtu mwingine vazi, piga shoti zote za mbali na za mgongoni, rekodi sauti ya mahali, na upige ardhi, mawe na anga kwa mwanga wa saa hiyo. Shoti za karibu utazipiga popote penye anga wazi nyuma yake na kivuli cha urefu uleule.